Mwenye Mkono Mzito Arekodiwe Kwanza

Mpiga gitaa aliyenitesa zaidi katika kurekodi si yule asiyejua. Ni yule anayejua. Asiyejua ukimwambia apige nyuzi mbili tu, atapiga mbili na kushukuru kwamba hukumpa tatu. Anayejua ukimwambia hivyo anaona umemvunjia heshima, kisha anapiga zote sita. Nasema haya nikiwa mwimbaji, sijui kushika gitaa, na huenda ndiyo sababu niliweza kuwasikiliza wote wawili bila kuegemea upande.

Mimi ni mjane, naishi Mwakingali, hapa Voi. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga solo na kiongozi wa bendi yetu ndogo iliyokuwa ikitumbuiza hoteli za mbugani. Yeye solo, kijana wetu ridhimu, jamaa mmoja wa Wundanyi besi, mwingine ngoma, mimi sauti. Wageni wakirudi kutoka kutazama ndovu wa Tsavo, wameoga, wanasubiri chakula, ndipo tulipoanza. Jambo Bwana ya Them Mushrooms haikukosa, na Malaika haikukosa. Malaika tuliipiga kwa fahari ya nyumbani, maana Fadhili William Mdawida, aliyeirekodi ikafika mbali, ni mwana wa Taita. Ubishi kuhusu nani hasa aliyeutunga wimbo ule ni wa zamani na siuingilii. Mgeni mwenye bia yake mezani hakuwahi kutuuliza.

Kijana wetu alikuwa mwanafunzi tu. Baba yake alimpa ridhimu kwa sababu ya bajeti: mpiga ridhimu wa kukodi anataka alipwe, mtoto anataka ale. Mkono wake ulikuwa mzito. Lakini jukwaani haikuonekana, kwa kuwa baba alijua pa kumfunika na pa kumwacha peke yake.

Mwishoni mwa 2019 mume wangu alifariki, baada ya kisukari kumsumbua muda mrefu. Tulimzika Mbololo. Nikabaki na deni la hospitali na deni la mazishi, na deni la mazishi ndilo baya zaidi kwa sababu wanaokudai mnakutana kanisani. Niliuza kinanda, spika kubwa na jenereta. Magitaa hayakupata mnunuzi. Alikuja mmoja, akachungulia shingo ya lile la solo, akasema limepinda, akaenda zake. Kwa hiyo yakabaki, si kwa mapenzi yangu.

Ndipo ikaja korona. Katikati ya Machi 2020 shule zilifungwa, hoteli zikawarudisha wafanyakazi makwao, na tarehe 27 kafyu ikaanza: saa moja jioni uwe ndani mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwanamuziki wa hoteli anaanza kazi saa moja jioni. Mpiga ngoma wetu aliingia kwenye bodaboda. Mpiga besi alirudi kwao mlimani kulima, ila akaahidi kwamba akiitwa atashuka. Mimi nilikaanga mihogo nje ya nyumba, na mihogo katika mwezi ambao watu hawatembei hainunuliki, labda na majirani wanaokuonea huruma, nao hawalipi siku hiyohiyo.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa mpiga solo katika hoteli za ufukweni upande wa kaskazini mwa Mombasa. Hoteli zilipofungwa hakungoja. Alipanda gari la mizigo na gitaa lake na begi moja, akafikia kwangu, na siku chache baadaye, tarehe 8 Aprili, serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka kaunti ya Mombasa. Kwa hiyo hakuwa na pa kurudi. Akalala sebuleni. Mkono wa shemeji hauna ubishi. Sebene za Kikongo anazipiga huku anazungumza na wewe. Ule mtindo wa zamani wa akina Jean-Bosco Mwenda, wa kidole gumba na cha shahada tu, besi na wimbo vikatoka kwenye gitaa moja, anaujua. Ukimsikia unajua kwamba marehemu alikuwa mzuri lakini mdogo wake alimpita.

Kazi ilitoka mahali nisipopategemea. Mazishi yalikuwa yameruhusiwa watu wachache tu, na Wataita walio Nairobi, Mombasa na Ghuba hawakuweza kuja kuzika. Dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Ghuba alifiwa na mama yake huku Sagalla. Akanipigia simu. Alitaka wimbo wa kumuaga mama, utaje jina la mama na la kijiji, upigwe kama bendi yetu ilivyopiga kwenye harusi ya kaka yake, utumwe kwa WhatsApp. Akatuma pesa kwa M-Pesa kabla hata sijajibu kwamba naweza.

Tulikwenda studio moja ya mjini. Sitaitaja. Fundi mwenyewe alikuwa na adabu, na alichosema angekisema fundi yeyote. Alimsikiliza kijana ubeti mmoja, akavua hedifoni, akaniambia, "Mama, hapa tunalipisha kwa saa. Mwache mzee apige zote mbili, ridhimu na solo. Tutamaliza sasa hivi." Shemeji alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha kijana kabla sentensi haijaisha. Wimbo ulitoka safi, kila kitu mahali pake. Nikautuma.

Dada wa Ghuba alijibu baada ya kimya kirefu. Alishukuru. Kisha akaandika kwamba huo ni muziki wa hoteli, yeye alitaka ule wetu.

Nilikasirika, kwanza kwa sababu ya pesa ya studio. Halafu niliusikiliza tena, usiku, mara nyingi, na nikaanza kuelewa alichokikosa. Mtu mmoja akipiga magitaa yote mawili, mkono ni uleule. Anaukwaruza uzi vilevile, anachelewa palepale, anapumua palepale. Masikio yanasikia gitaa moja kubwa. Hakuna anayeuliza na hakuna anayejibu. Katika bendi yetu palikuwa na mtu anayepaa na mtu anayekanyaga chini, na wasikilizaji wa harusi za Mwatate na Mbololo walikuwa wamezoea kuwasikia wakitofautiana. Kumwondoa kijana kuliondoa makosa yake, pamoja na nusu ya mazungumzo.

Basi tukarekodi nyumbani. Mpwa wangu alikuwa chuoni, na vyuo vilipofungwa alirudi na kompyuta yake, programu ya kurekodia na kile kisanduku kidogo cha kuunganishia gitaa. Tulipigilia mablanketi ukutani katika chumba cha nyuma, dirisha tukalizibia godoro. Feni ilizimwa, kwa kuwa maikrofoni husikia feni kabla ya kusikia mtu. Anayeijua Voi ya Aprili anajua maana ya chumba kilichozibwa bila feni. Jasho lilishuka mpaka kwenye nyuzi, na nyuzi zikilowa jasho na joto hazikai kwenye sauti yake. Kila wimbo ulianza kwa kutuni upya. Usiku wa mapema majirani wote wako ndani kwa sababu ya kafyu, televisheni zimefunguliwa, watoto wanalia. Utulivu ulikuja baada ya saa nne. Hata hapo malori ya barabara ya Mombasa hayakusimama, maana mizigo haikuwekewa kafyu. Lori likipita tunangoja. Hakuna aliyeweza kwenda kwao, kwa hiyo waliokuja kurekodi walilala pale mpaka alfajiri, na mimi nikapika kimanga sufuria nzima.

Jaribio la kwanza tuliwaweka wote wawili wapige pamoja, kijana ridhimu, baba yake mdogo solo. Balaa. Shemeji alipiga solo, na kila palipobaki nafasi aliijaza ridhimu pia, kwa mazoea. Sasa ridhimu zikawa mbili, moja inatangulia, moja inachelewa, na kila pigo likasikika mara mbili. Zaidi ya hapo magitaa yalitofautiana sauti ingawa yote mawili yalikuwa yametuniwa kwa kipimo kimoja. Mpwa alidhani kisanduku kimeharibika. Shemeji ndiye aliyegundua, na hapa nampa haki yake: kijana alikuwa anabana nyuzi kana kwamba zitatoroka. Uzi ukibanwa kupita kiasi sauti hupanda. Mfundishe mtu kutuni mpaka achoke, kidole chake kitaiharibu tuni kila anaposhika.

Wakati huo wa kukaa ndani nilisikiliza sana muziki wa zamani, si kwa kutafuta dawa, ni kwa kuwa hapakuwa na kingine. Les Wanyika ndio walionisaidia. Profesa Omari Shabani alikuwa mpiga ridhimu, na mwaka 1978 aliondoka Simba Wanyika na wenzake wakaunda bendi ile. Sikiliza Sina Makosa, kisha usahau waimbaji na usahau solo. Fuata ridhimu peke yake. Ni kipande kifupi kinachozunguka, kinarudi, kinazunguka, wala hakina haraka ya kukuonyesha chochote. Shabani alikuwa bingwa na aliamua kupiga hivyo. Nikajiuliza: kama bingwa anachagua kidogo, kwa nini mwanafunzi asipewe kidogo hichohicho akipige mpaka kimkae?

Kuna tofauti ya zama pia, na vijana wa studio wa leo hawaifikirii. Miaka ya 1960 Charles Worrod alipoendesha Equator Sound Studios kule Nairobi, bendi yake ilikuwa na Fadhili wetu, Daudi Kabaka, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi Juma waliotoka Zambia. Mafundi watupu. Kurekodi kwa enzi hizo kulikuwa ni kupiga wote kwa pamoja, na mmoja akikosea anawarudisha wote mwanzo. Asiyeiva hakufikishwa mbele ya maikrofoni. Sasa kompyuta inamruhusu kila mtu arekodi zamu yake. Kwa hiyo asiyeiva anafika, na fundi wa studio hajui amfanye nini zaidi ya kumwondoa.

Nilimwita shemeji nje, kwenye ngazi.

"Shemeji, nakuomba upunguze."

"Nipunguze nini?"

"Vidole."

Alicheka. Aliponiona sicheki akasema, "Nimepiga hoteli kubwa kubwa miaka yote hii, shemeji. Hata marehemu hakuniambia hivyo."

"Marehemu alikuwa anakupisha. Huyu mtoto hana pa kukupishia, ndiyo kwanza anatafuta pa kusimama."

Hakunijibu usiku ule, na kusema kweli nilidhani ataondoka hata kwa miguu. Asubuhi nilimkuta amelilaza gitaa la kijana mezani, amefungua nyuzi, anateremsha kimo chake ziwe karibu na shingo ili zisihitaji nguvu. Alipomaliza akaweka kapo, kile kibanio cha nyuzi shingoni, akatuni tena baada ya kapo kwa sababu nayo huvuta nyuzi, akamrudishia kijana gitaa bila hotuba. "Shika hivi. Nyuzi tatu nyembamba tu. Zile nene waachie besi."

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka wenye bendi wakisikie. Ridhimu ya kijana tuliirekodi kwanza, yeye na mpiga besi pamoja, wameketi wametazamana, kila mmoja anaona mguu wa mwenzake. Ule mdundo wa kuhesabia wa kompyuta tuliuzima, maana kijana akiusikia aliufukuza, akiufukuza aliupita, akiupita aliogopa. Mishiko ilikuwa mitatu, G, C na D, na kipande kimoja kinachorudi mwanzo hadi mwisho. Alichelewa kidogo. Lakini alichelewa vilevile kila mara, na kuchelewa kwa namna hiyo kukawa ndiyo mwendo wa wimbo. Ngoma mpwa alizitengeneza baadaye kwenye kompyuta akafuata besi. Shemeji aliingia mwisho kabisa.

Hapo ndipo ujuzi wake ulipofanya kazi yake ya kweli. Mwenye mkono mwepesi anaweza kumfuata mwenye mkono mzito, akamsubiri, akaingia penye pengo. Kinyume chake hakiwezekani. Studio nyingi hutanguliza bingwa kwa sababu anamaliza haraka, halafu dhaifu anaambiwa amfuate, naye anavuta pumzi hadi wimbo unakwisha. Wanaita hilo kushindwa kwake. Mimi naita kazi iliyopangwa kichwa chini.

Tulikubaliana pia kwamba shemeji asiteremke sehemu ya chini ya shingo. Kijana akae chini, yeye akae juu, karibu na mwili wa gitaa. Mpwa alikuwa ameshajaribu kuwatenga kwa masikio, mmoja kushoto na mwingine kulia, na kwenye hedifoni ilipendeza. Wateja wetu lakini walisikiliza kwa simu, na spika ya simu zao ilikuwa moja, vyote vikarudi mahali pamoja. Kilichobaki kuwatenganisha ni sauti yenyewe, moja nene na moja nyembamba.

Mpwa alishauri tukate kipande kimoja kizuri cha kijana, tukibandike kirudie wimbo mzima. Nilikataa, ingawa wimbo mmoja tuliufanya hivyo, usiku ambao stima ilipotea mara mbili na mteja anauliza. Wimbo huo upo. Hakuna aliyelalamika. Mimi siupendi.

Kijana naye aliomba jambo moja tu. "Baba mdogo, nikikosea usisimame. Endelea, nitakukuta." Shemeji alizoea kusimama na kurekebisha, ndivyo alivyofundishwa mwenyewe. Ilimchukua muda kuacha. Alipoacha, makosa yalipungua yenyewe.

Wimbo wa mama wa Sagalla tuliurekodi upya bila kumdai dada yule senti. Aliusambaza kwenye kikundi cha familia yao, na maombi yakaanza kuja: msiba wa Kasigau, harusi iliyofanyika bila wageni Taveta, mzee wa Mwatate aliyetaka watoto wake walio ng'ambo wamsikie akitajwa angali hai. Hatukutajirika. Nililipa kodi ya nyumba iliyokuwa imelimbikizwa, nikawalipa wale wa kanisani mmoja mmoja. Kafyu ilipoondolewa, tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa, deni la mazishi lilikuwa limekwisha. La hospitali lilinichukua zaidi, na hilo nalo, namshukuru Mungu, nimelimaliza.

Watu wakisikia habari hii hutaka niwaambie kwamba kijana sasa ni bingwa. Si bingwa. Mchana anauza misumari na mabati dukani, jioni anapiga ridhimu, na solo yake ni ya kuvumiliwa. Lakini amewahi kuitwa na bendi nyingine mbili kwa ajili ya ridhimu ileile iliyoonekana nzito studio. Shemeji alirudi Mombasa hoteli zilipofunguliwa. Akihitajika kurekodi hupanda treni ya SGR, anashuka Voi, na siku hizi akifika anauliza kwanza, "Kijana ameshaweka yake?" Kama bado, anakwenda kulala.

Nawaomba wenye studio, hapa Voi na kwingineko: bendi ikija na wapiga gitaa wasiolingana, msimwambie mnyonge atoke kabla hamjampa kipande kinachoenea mkononi mwake. Na kama mnalipisha kwa saa, semeni bei ya wimbo mzima ili mtu asirekodi huku anatazama saa ukutani. Sisi tunapokea bendi katika chumba kile cha nyuma, kutoka Wundanyi, Taveta, popote. Bei tunapatana. Feni bado inazimwa. Nyuzi za akiba njooni nazo wenyewe.